Meza Moja na Mama Mkwe

Maelekezo ya kambi yalitufikia kwa simu siku chache kabla ya safari, yakiwa na kichwa kisemacho "Mambo ya Kutarajia". Mimi hufundisha mantiki chuoni, na kabla ya hapo nilisoma Kilatini seminarini kwa muda mrefu kuliko unaomfaa mtu ambaye hatimaye hakupata upadri. Kwa hiyo nina tabia ya kusoma maelekezo yoyote hadi nukta ya mwisho, hata yale yaliyobandikwa ubavuni mwa kopo la dawa ya mende. Haya niliyasoma, nikayarudia. Yalisema kwamba tutaamshwa kabla ya jua kwa chai itakayoletwa hemani. Yalisema tuvae nguo za rangi ya vumbi, wala si nyeusi au buluu, kwa sababu mbung'o huzipenda rangi hizo. Yalisema nguo zetu zitafuliwa kila siku isipokuwa za ndani, ambazo kila mgeni atazifua mwenyewe, na sabuni ya kazi hiyo ataikuta bafuni. Hapo nilitambua kwamba aliyeandika ni mtu makini, anayejua aibu inaanzia wapi. Hata hivyo, hapakuwa na sentensi iliyoeleza mtu afanye nini iwapo mgeni mwenzake ni mama mkwe wake.

Haikuwa imepangwa hivyo. Mke wangu, ambaye ni mtumishi katika ofisi moja hapa Dodoma, alipewa zawadi ya mfanyakazi hodari: safari ya watu wawili kwenye kambi ya kifahari, pembezoni mwa hifadhi iliyo mbele ya Kondoa. Alimchagua mama yake. Mama huyo anaishi kijijini, ng'ambo ya Hombolo, analima uwele na kufuga, na wanyama wa porini alikuwa akiwafahamu kama wezi tu. Tembo kwake ni yule aliyekula mtama wa dada yake. Fisi ana historia ndefu zaidi. Binti yake alitaka mama akae kwenye kiti chenye mto, aletewe kinywaji, awatazame hao wezi kwa utulivu.

Jioni ya kuamkia safari, mkuu wa ofisi aliitwa kujibu maswali bungeni, na majibu yenyewe yalikuwa kichwani mwa mke wangu. Likizo ikafutwa. Kambi ikasema tarehe haibadiliki.

"Utakwenda wewe," mke wangu aliniambia.

Hapa sina budi kuieleza desturi, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja. Sisemi hawali sahani moja. Hawali mahali pamoja. Mmoja akitafuna, mwingine anapaswa kuwa kwingine. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawaketi mkeka mmoja, wala hawasemeshani moja kwa moja bali kwa kupitia mtu wa tatu, na mtu asipokuwepo, kwa kupitia kitu chochote kilicho karibu. Nimeoa kwao zamani, na tangu wakati huo mama mkwe wangu na mimi tumezungumza mengi, tena kwa upendo, kupitia watoto, majirani, mbuzi, na mara moja jiko la mkaa. Najua kwamba mjini mambo haya yamelegea. Pale Majengo nimewaona wakwe wakigombea chipsi kwenye sahani moja wakicheka. Yeye hakulegeza, nami sikuwahi kuona sababu ya kumtaka alegeze. Ni adabu inayotufaa wote wawili.

Isipokuwa sasa palikuwa na jambo la afya. Mama mkwe wangu ana kisukari. Humeza vidonge vyake asubuhi na jioni, na akivimeza bila kula, sukari hushuka: jasho humtoka, mikono humtetemeka, na msimu wa mavuno uliopita alianguka uani akiwa na ungo mkononi. Mke wangu alinisimamisha jikoni, akaninyooshea mwiko.

"Simba mkiwaona, sawa. Msipowaona, sawa. Mama ale. Asubuhi, mchana na jioni. Nikisikia hajala, usije ukanieleza mantiki."

"Atakulaje nami nikiwa pale?"

"Hilo ni somo lako, mwalimu. Mimi nina maswali ya bunge."

Gari la kambi lilitufuata nyumbani kwetu Kizota asubuhi. Lilikuwa gari refu, lililo wazi ubavuni, na viti vimepangwa safu kwa safu kama ngazi. Mama mkwe wangu, ambaye alilala kwa binamu yake ili asilale chini ya paa moja nami, alifika akiwa na kigoda chake, kifurushi cha unga wa uwele na mlenda uliokaushwa, endapo huko tuendako watakuwa na njaa. Alikuwa amevaa kaniki nyeusi, kinyume kabisa cha maelekezo. Akapanda safu ya nyuma kabisa. Mimi nikakaa mbele, kando ya dereva, ambaye ndiye pia mwongozaji wetu: mtu mchangamfu kutoka Chemba, ambaye kwao husema lugha ile yenye milio ya ulimi, na ambaye alimwamkia mama kwa Kigogo sanifu.

Tulikuwa hatujatoka mjini tuliposikia sauti ya mama kutoka nyuma.

"Mwanangu, mwulize huyo aliye mbele kama amefunga mlango wa uani."

Mwongozaji alinitazama. Mimi nilikuwa umbali wa hatua tatu kutoka kwa aliyeuliza.

"Bibi anauliza kama umefunga mlango wa uani."

"Mwambie nimefunga."

"Amefunga, bibi."

"Na komeo?"

Tukaendelea hivyo hadi karibu na Kondoa. Hapo mwongozaji aliteremsha sauti. "Mzee, samahani. Ni wakwe?"

"Ni wakwe."

"Aa," akasema, akapumua. "Nilidhani mmegombana, nikawa najiuliza nitawapatanisha kwa njia gani kabla ya chakula cha jioni."

Kambini tulipokewa kama maelekezo yalivyoahidi. Meneja, mwanamke kijana aliyesomea kazi ya hoteli na kuipenda, alitukabidhi vitaulo vya baridi vyenye harufu ya mchaichai. Mama alifuta uso, akakikunja chake vizuri, akakirudisha na kumweleza binti wa watu kwa upole kwamba kitambaa chake kimelowa, akianike. Kisha ikaja sinia yenye bilauri mbili za maji ya ukwaju. Mama akaitazama ardhi, akingoja niondoke. Mimi nikatazama juu, nikingoja aondoke yeye. Barafu ikayeyuka.

"Hamjapenda juisi?" meneja aliuliza, na nikaona kwamba jambo hili litamuumiza.

Nikachukua bilauri yangu, nikazunguka nyuma ya gari, nikanywa nimesimama kama mwizi. Niliporudi, bilauri ya mama ilikuwa tupu. Nikapata matumaini. Nikadhani nimeupata ufumbuzi: palipo na gari, pana ukuta.

Meneja alinipa fomu iliyouliza kama kuna chakula ambacho mgeni hawezi kula. Nilishika kalamu kwa muda. Jibu la kweli lilikuwa "chochote, mbele ya mama mkwe," lakini mahali pa kujazia palikuwa padogo, na palitajwa karanga, maziwa na samaki tu. Nikaandika kwamba mama ana kisukari na ni lazima ale kwa wakati. Mengine nikadhani nitayasimamia mwenyewe.

Kosa lililofuata halikuwa langu. Zawadi ilisema watu wawili, na kambi, kwa uzoefu wake, ilijua watu wawili ni watu wa aina gani. Tulipelekwa kwenye hema moja zuri mno, lenye kitanda kipana kama shamba la zabibu. Juu ya kitanda palikuwa na bata wawili waliokunjwa kwa mataulo, wamegusanisha midomo, na petali za maua mekundu zimemwagwa kwa umbo la moyo. Mama mkwe wangu alisimama mlangoni. Aliziangalia zile petali kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alimwuliza mwongozaji kwa sauti ya chini, "nani amefariki humu?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kutoweka. Nilimsubiri meneja nyuma ya tangi la maji, nikamweleza ukoo wetu kwa ufupi. Aliweka mikono kichwani. Wageni walikuwa wamejaa, hema jingine halikuwepo. Basi nikapewa kitanda cha chuma kwenye nyumba ya waongozaji, pamoja na chandarua na jirani anayekoroma. Nililala vizuri sana, na sikuwadai bata wangu.

Lakini kabla ya usingizi kulikuwa na chakula cha jioni. Jambo moja ambalo mtu hatarajii katika anasa ni kwamba kadiri mahali panavyokuwa ghali ndivyo watu wanavyolazimishwa kula pamoja. Mgahawa wa kawaida wa stendi una meza nyingi, kila mtu na kona yake. Kambi ile ilikuwa na meza moja ndefu chini ya nyota, ili wageni wasimuliane waliyoyaona. Na meneja, kwa wema mtupu, akitaka kutufidia kwa yale ya petali, alituweka mimi na mama ana kwa ana, na mshumaa katikati.

Mama akautazama mshumaa. Mimi nikautazama mshumaa. Sijawahi kuutazama mshumaa kwa makini kiasi hicho hata seminarini.

Supu ikaja. Nikainuka, nikamwambia mhudumu kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba tumbo linanisumbua na kwamba nitapumzika. Nilikwenda jikoni, nikala ugali na maharage pamoja na waongozaji, nikijisifu. Baadaye mhudumu akaja na uso mrefu.

"Bibi hajagusa kitu."

"Kwa nini? Mimi niliondoka."

"Anasema hawezi kula na mkwe wake ni mgonjwa. Anauliza umepewa uji?"

Basi ikabidi nitume habari kwamba nimepona. Yeye akajibu kwamba amefurahi, na kwa kuwa nimepona, bila shaka nitarudi mezani, kwa hiyo yeye atakwenda kulala. Alikubali maziwa na kipande cha mkate hemani, akameza vidonge. Nilijihesabia nusu ya ushindi, ambayo katika mantiki haipo.

Asubuhi tuliondoka mapema, na kila mtu akapewa shuka zito jekundu la kujikinga na baridi. Safu ya katikati walikaa wageni wawili kutoka Ulaya, mume na mke wa makamo, wamevaa nguo za rangi ya vumbi toka kofia hadi soksi, kama watu walioandika yale maelekezo wao wenyewe. Mume alikuwa na kamera yenye mdomo mrefu kama bomba la maji. Mke alikuwa mtu wa kuangalia watu.

Mwongozaji alitufundisha kanuni moja tu, lakini aliirudia. "Usisimame garini. Simba anaona gari hili lote kama mnyama mmoja mkubwa, asiyeliwa na asiyekula. Hawaoni watu humu. Ukisimama, unakuwa kitu kipya, na kitu kipya simba hukifikiria."

Mama alisikiliza kwa makini. Aliuliza kama fisi naye haoni watu. Akaambiwa fisi naye. Akaguna, akionekana kuyapitia upya mambo mengi.

Tuliona twiga, pundamilia, na tembo wengi waliokuwa wakijimwagia vumbi. Mama aliwatazama hao wa mwisho bila kupepesa.

"Waulize wanakula nini huku," alimwambia mwongozaji.

"Majani na magome ya miti, bibi."

"Kumbe wanaweza," akasema.

Chakula cha asubuhi kiliandaliwa porini, kama ilivyoahidiwa: meza ndogo, kitambaa cheupe, mayai, kuku, matunda, na mandhari isiyo na mahali pa kujificha. Uwanda ulikuwa mweupe kama kiganja. Nilipojaribu kuelekea kichaka cha mbali, mwongozaji alinirudisha kwa kidole. Kuondoka kando ya gari kulikuwa marufuku. Nikasema nimekula tayari. Mama akasema amefunga kwa ajili ya sala. Wote wawili tulisema uongo kwa heshima kubwa, na mwongozaji akaubeba uongo wa kila upande kwa uaminifu wa tarishi. Chakula kikarudi kapuni karibu chote. Tungekula mchana kambini, nikajiambia, kila mtu kwa zamu yake, nami nitampangia meneja ratiba.

Lakini vidonge vya asubuhi alikuwa amekwisha kuvimeza.

Jua lilikuwa limepanda tulipokuwa tukivuka korongo la mchanga. Gari lilisita, likanguruma, likakaa. Mwongozaji alijaribu mbele, akajaribu nyuma, magurudumu yakazama. Akachukua koleo, akashika kitasa cha mlango, kisha akakiachia taratibu. Kutoka ukingo wa korongo simba jike alikuwa akiteremka, bila haraka, na nyuma yake wengine, na nyuma yao dume. Hapakuwa na mti juu ya mchanga ule. Kivuli kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa chetu. Walikuja, wakajitupa ubavuni mwa gari mmoja baada ya mwingine, wakalala.

Mwongozaji alinong'ona kwenye redio koli. Gari la pili lilikuwa mbali, upande wa pili wa hifadhi, lingekuja. Hatukuwa na la kufanya isipokuwa kuwa mnyama mmoja mkubwa asiyekula.

Mume wa Kizungu alikuwa peponi. Kamera yake ilibofya kwa furaha. Mke wake ndiye aliyegeuka nyuma, kisha akamgusa mwongozaji begani, akamwambia kitu kwa Kiingereza. Nilisikia: mama anatoka jasho.

"Mwalimu," mwongozaji alininong'oneza, "bibi anatetemeka mikono."

"Kapu liko wapi?"

"Liko kwa mama wa Kizungu."

"Mpe. Mwambie ale. Mwambie mimi nimegeukia mbele."

Akageuza kichwa kidogo, akapeleka habari. "Anasema anakuona mgongo."

"Mwambie mgongo si uso."

"Anasema mgongo huo ni wa mume wa binti yake."

"Kuna kioo hapo juu, nakikunja." Nikakikunja. "Mwambie sasa hata kwa kioo simwoni."

"Anasema yeye anakuona. Na anasema wewe pia hujala tangu jana, anajua, usidhani hajui. Ataanzaje kutafuna juu ya kichwa cha mtu mwenye njaa?"

"Basi nami nitakula."

"Anasema utatafunaje mbele yake? Ameuliza kama umerukwa na akili. Kwa heshima."

Nilikwisha ishiwa. Nilikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa sahihi, na kwa kila hoja sahihi jasho la mama liliongezeka. Nikaweka mkono kwenye kitasa. Nilifikiri kweli kushuka upande usio na simba, nijikunje nyuma ya gurudumu. Chini ya mlango, kwenye mchanga, nikaona ncha ya mkia, ina kishada cheusi, ikijipiga polepole.

"Ukishuka, mwalimu," mwongozaji alisema bila kunitazama, "bibi atakula kweli. Ila atakuwa anakula kwenye msiba wako."

Kisha sauti ya mama ikaja, nyembamba lakini yenye mpangilio.

"Mwanangu, hebu rudia. Ulisema simba haoni watu humu."

"Haoni, bibi. Anaona gari tu."

"Kwa sababu watu hawasimami, hawatokezi mikono."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mtu akijikusanya, asitokeze kichwa wala kiungo, ni sehemu ya gari."

"Ni sehemu ya gari, bibi."

"Basi mwambie huyo aliye mbele ajifunike lile shuka. Lote. Mimi nimeolewa, nimeozesha, najua ninachosema. Kiti hakina ukwe."

Nimewafundisha vijana wengi namna ya kutoka kwenye dai la mwanzo kwenda kwenye hitimisho, na sijapata kuona mwendo safi kama ule, tena kutoka kwa mtu ambaye sukari ilikuwa imemshuka. Nilijivuta shuka polepole juu ya kichwa, nikaingiza mikono, nikaingiza magoti, nikawa kiti.

Ndani kulikuwa kwekundu, tena na joto la tanuri. Nilisikia kapu likifunguliwa. Nilisikia ganda la yai likipasuliwa. Kusikia pia si adabu, hivyo nikaanza kunong'ona vitenzi vya Kilatini, wakati uliopo, uliopita na ujao, kwa nafsi zote, ili masikio yawe na shughuli. Nilipomaliza kitenzi cha nne nikasikia ndizi ikimenywa. Sijui kama ni sahihi kusema mtu anaweza kusikia ndizi. Mimi niliisikia.

Upande wa Wazungu kulikuwa na mtafaruku wa chinichini. Kamera, iliyokuwa imeelekezwa chini kwa simba, ilikuwa sasa imeelekezwa kwangu. Nilitambua kwa mbofyo wake. Mume akamwuliza mwongozaji kulikoni. Akaelezwa. Akacheka kwa kujizuia, akasema kwao watu wangelipa pesa nyingi wapate shuka la kukaa nalo mbali na mama mkwe.

"Anasemaje huyo?" mama aliuliza, na nikafurahi, kwa sababu sauti ilikuwa imenenepa.

Mwongozaji akatafsiri, akisita.

"Mwambie simkimbii mkwe wangu kwa kumchukia," mama akasema. "Mtu unayemchukia, unakaa naye meza moja, unamtazama anavyomeza. Huyu namheshimu. Ndiyo maana simjui hata meno."

Mzungu alipoelezwa, hakucheka. Mke wake alisema kitu kirefu na cha upole, ambacho mwongozaji alikifupisha kuwa: "Anasema na yeye angependa aheshimiwe hivyo na mkwe wake, anayekuja kila Krismasi."

"Amfunike," mama akashauri. Kisha akaniamuru kupitia njia yake: "Sasa mwambie aliye ndani ya shuka naye ale. Mimi naangalia simba."

Paja la kuku likaingia kupitia upindo, likifuatwa na mkate. Nilikula gizani, nimejikunja, jasho likinitiririka, na sijapata kula mlo mtamu kama ule katika hoteli yoyote. Juu ya kutafuna kwangu nilisikia mama akiwakagua simba kwa jicho la mfugaji.

"Huyu jike ananyonyesha. Mbavu zinaonekana, mwaka mbaya. Yule pale ana jeraha la pembe. Na huyo dume?"

"Ndiye baba wa nyumba, bibi."

"Tangu afike amelala tu. Anawinda?"

"Mara chache. Wanawake ndio wanaowinda, yeye anakula wa kwanza."

"Mbele ya wakwe zake?"

Mwongozaji alikiri kwamba katika jambo hilo simba hawana utaratibu.

"Ndiyo maana wanaishi porini," mama akahitimisha.

Gari la pili lilipofika, likaingia kati yetu na simba, wakainuka kwa kinyongo na kuondoka. Nilifunuliwa shuka tukiwa tumekwisha kuvutwa nje ya mchanga. Wageni wa Ulaya walinionyesha picha zao jioni ile: simba wale wamelala kama mbwa wa nyumbani, kila unywele wa sharubu unaonekana. Ndivyo nilivyowaona. Mtu akiniuliza kuhusu simba wa ile hifadhi, naweza kumweleza kwa uhakika juu ya ncha ya mkia mmoja.

Meneja alipopata habari hakupoteza muda. Chakula cha jioni kilipoandaliwa, meza ndefu ilikuwa na pazia la mkeka katikati, limetundikwa kwenye kamba, na mama na mimi tumewekwa pande mbili. Mama alikula supu, samaki, na kijiko cha mlenda wake mwenyewe, ambao alikuwa ameupeleka jikoni na kuusimamia. Hayo niliambiwa na mhudumu. Wageni wapya waliofika jioni hiyo walidhani pazia ni sehemu ya huduma. Bwana mmoja aliyekuwa amesafiri na bosi wake aliuliza kwa aibu kama linaweza kusogezwa hadi kwake.

Tuliporudi Kizota mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kipimo cha sukari mkononi. Mama aliteremka na kigoda chake, amefuliwa nguo, ananukia mchaichai, akaenda moja kwa moja kukaa chini ya ukuta wa uani, nami nikabaki upande wa barabarani, nyumba ikiwa katikati yetu.

"Mama alikula?" mke wangu aliniuliza.

"Sijui," nikamjibu. "Sikuona."

Kisha akapita ndani hadi uani, na kupitia dirisha lililo wazi nikamsikia akimpima mama, akimsifu kwa namba zake, kisha akimwuliza kwa sauti ya kuhoji shahidi:

"Na huyu mume wangu, alikuwa anakula huko?"

"Hayo usiniulize mimi, mwanangu," mama akasema. "Nilikuwa naangalia simba."